Matundu ya Kiambaza

Vidole vinne vya mkono wa kulia wa marehemu vilikuwa vimevunjwa kimoja baada ya kingine, kuanzia cha mwisho hadi cha shahada. Kidole gumba kilikuwa kizima.

Sajini Mbula Nzioki alizitandaza picha za maiti juu ya kasha la mwaloni lililokuwa karibu na mlango wa kanisa, akarudi nyuma hatua mbili, akazitazama.

"Kwa nini aliacha gumba?" aliuliza Konstebo Haddad. "Alichoka?"

"Hakuchoka. Alipata jibu."

Haddad alikuna shingo. Alikuwa mtu mnene wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa hapo hapo Guildford, mitaa mitatu kutoka kanisani, na alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Ilikuwa Agosti ya 2021. Magharibi yote ya Sydney ilikuwa imefungwa, askari jeshi wakigonga milango ya watu pamoja na polisi, na helikopta ikizunguka juu ya mapaa tangu asubuhi.

"Daktari anasema vidole vilitangulia," Mbula alisema, kalamu yake ikifuata mistari ya ripoti. "Vilikuwa vimevimba, kwa hiyo aliishi dakika kumi au kumi na tano baada ya kile cha kwanza kuvunjwa. Vimevunjwa kwa koleo. Kati ya kidole na kidole, mateke ya mbavu. Mwisho kabisa kichwa, mara tatu, pale."

Alielekeza kalamu mbele ya kanisa, kwenye birika la ubatizo. Lilikuwa jiwe la pembe nane, refu hadi kiunoni, lenye umri wa zaidi ya miaka mia tano. Lilitoka kwenye kanisa la kijiji kimoja cha Uingereza ambako bahari ilikuwa ikila ufuko mwaka hadi mwaka, mpaka waumini wakaona heri wavifungashe vitu vyao na kuwauzia wenzao wa Sydney kabla ya ukuta kuporomoka. Mnamo 1911 vikafika kwa meli, ndani ya masanduku: birika, kasha lenye makufuli matatu, na kiambaza cha mbao kinachotenga madhabahu na ukumbi wa waumini. Ukingoni mwa birika palikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyochomoza, mabaki ya komeo la zamani, kwa maana enzi hizo mfuniko ulifungwa kwa kufuli ili watu wasiibe maji yaliyobarikiwa na kwenda kuyafanyia uchawi. Kipande kimojawapo kilikuwa kimeingia kwenye paji la uso la marehemu, Mirindi, hadi ubongoni.

Mirindi alikuwa na miaka hamsini na minne. Alitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, akapitia kambini, akafika Australia na mke wake Bibiane, na kwa miaka tisa alikuwa mtunzaji wa kanisa lile na kiongozi wa ibada ya Kiswahili ya Jumapili alasiri. Aliuawa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Leo ilikuwa Alhamisi, na mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe, kwa sababu shahidi alikuwepo. Bibiane alisema alimwona muuaji kwa macho yake. Alisema ni Wilondja, fundi seremala aliyekuwa akikarabati kiambaza.

Kabla polisi hawajamfikia Wilondja, wadogo watatu wa Mirindi walimfikia. Walimkuta kwenye maegesho ya ghala alilofanyia kazi zamu ya mchana, wakampiga kwa mabomba ya chuma mpaka likapinda moja. Sasa alikuwa hospitali ya Westmead, mpira kooni, askari mlangoni, na hajafumbua jicho tangu Jumanne.

"Fundi ana koleo," Haddad alisema.

"Ana koleo. Lakini alitaka kuuliza nini? Wanaonana kila siku, wanakunywa chai pamoja kwenye ngazi zile. Ni siri gani ya Mirindi ambayo Wilondja hakuijua mpaka amvunje mtu vidole?"

Mlango ulifunguliwa. Bibiane aliingia akiwa amejifunga kitenge cheusi juu ya sweta, akaona picha, na Mbula akazifunika haraka kwa jalada.

"Pole, mama. Nisamehe kukuleta tena humu," Mbula alisema kwa Kiswahili.

"Asante, dada. Mi nataka muimalize, tu. Hawajanipa hata mwili wa bwana yangu."

"Utapewa. Nataka unionyeshe kitu kimoja. Jumanne ulikuwa wapi hasa?"

Bibiane alipita katikati ya viti bila kulitazama birika, akapita mlango mdogo wa kiambaza, akageuka upande wa madhabahu. Mbula alimfuata.

Kiambaza kilikuwa na sehemu mbili. Juu kilikuwa na mbao zilizochongwa kama kimia, mtu akisimama anaona ng'ambo. Chini kilikuwa na mbao nzima, na upande wa waumini zilikuwa zimechorwa watakatifu kumi na wawili waliovaa kanzu nyekundu na kijani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso. Karne nyingi zilizopita watu waliochukia sanamu walizikwangua nyuso zote kwa visu. Na kwenye mbao hizo za chini, urefu wa mtu aliyepiga magoti, kulikuwa na matundu matano, kila moja likitosha jicho.

Bibiane alipiga magoti nyuma ya tundu la tatu.

"Hapa. Nilikuwa nasugua nta ya mishumaa, sababu Jumapili tungepiga ibada ya video. Njo nikasikia bwana yangu analia. Nikaogopa, nikabaki chini. Nikaangalia mu tundu."

"Ukaona nini?"

"Wilondja."

"Uso wake?"

"Uso wake."

Mbula alimwita Haddad, akamwambia asimame palipokuwa na chaki, karibu na birika, hatua tano kutoka kiambazani. Kisha akapiga magoti kando ya Bibiane, akafumba jicho la kushoto na kuliweka la kulia tunduni.

Aliona viatu. Viatu vyeusi vya Haddad, kamba zake, na pindo la suruali. Alijaribu tundu la kwanza, la pili, la nne, la tano. Viatu, sakafu, mguu wa kiti. Alipenyeza kalamu kwenye tundu. Kalamu haikulala sawasawa. Tundu lilitobolewa kimshazari, toka chini upande wa waumini kupanda juu upande wa madhabahu, ili maskini aliyepiga magoti kule nyuma aweze kuiona mikono ya padri inapoinua mkate. Aliyekuwa upande huu aliweza kuona sakafu na si zaidi.

"Haddad! Inua mkono. Onyesha vidole."

"Vingapi?"

"Utakavyo. Usitamke." Akamgeukia mjane. "Mama Bibiane, Konstebo ameinua vidole vingapi?"

Bibiane aliinamia tundu. Alikaa pale kwa muda mrefu, paji la uso likigusa ubao.

"Mama?"

"Sioni."

"Unaona nini?"

"Miguu."

"Na Jumanne uliona nini?"

Bibiane alikaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea mbao, akavuta barakoa kidevuni ili apumue. Habari ilitoka vipande vipande. Aliona viatu vilivyovishwa mifuko ya plastiki ya buluu, ya kama hospitalini, na suruali nyeupe ya karatasi. Aliona mume wake anaanguka, shavu lake linaangukia sakafuni, macho yake yakiwa wazi na yakiangalia kiambaza. Aliona mguu wa buluu unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Yule mtu alikuwa akiuliza kitu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeombea mgonjwa, na barakoa ikameza maneno yote.

"Na nani alikwambia ni Wilondja?"

"Bwana yangu! Nilimsikia mi mwenyewe. Aliita, 'Wilondja! Wilondja!' Mara tatu, kwa nguvu. Mtu anaita nani saa ya kufa? Anaita ule anamuua."

"Aliita lini? Kabla ya kichwa kugongwa, au wakati kinagongwa?"

"Mbele. Aliita, kisha ule mtu akanyamaza kidogo. Kisha..." Alipiga ngumi kwenye kiganja mara tatu.

Mbula aliinuka. Nje helikopta ilipita na kurudi.

"Hakuwa anamwita, mama," alisema. "Alikuwa anajibu. Alivunjwa vidole vinne akakataa. Kilipofika cha tano akataja jina. Aliyetajwa siye aliyekuwa anaua."

Bibiane alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. Kisha aliweka viganja viwili mdomoni.

"Shemeji zangu," alisema ndani ya viganja. "Mi njo niliwaambia shemeji zangu."

"Ndiyo. Tutafika huko. Kwanza niambie, nani alikwambia useme uliuona uso?"

"Mzee Kinuthia."

"Lini?"

"Jumanne hiyo hiyo. Nilikuwa nje kwenye ngazi, polisi hawajafika. Akanipigia. Akasema, 'Pole mama, nimesikia. Sikiliza, usiwaambie ulisikia tu, watamwachilia. Sema ulimwona kwa tundu.'"

"Nani mwingine alijua ulikuwa nyuma ya kiambaza?"

"Nani? Nilikuwa nalia tu."

Haddad alikuwa amesogea, daftari mkononi, na Mbula akamtafsiria. "Nimesikiliza simu aliyopiga polisi," alisema kwa Kiingereza. "Alitaja kanisa na kusema mume wake ameuawa. Hakutaja kiambaza wala tundu."

Mbula alirudi kwenye kasha, akatoa picha ya sakafu. Maji ya sabuni ya ndoo aliyosugulia Bibiane yalikuwa yamemwagika yakapenya chini ya mbao, yakatoka upande wa pili kama ulimi, na ncha yake ikachanganyika na damu.

"Muuaji aliona maji," alisema. "Akajua kuna mtu amepiga magoti nyuma. Na huyu Kinuthia ni mzee wa kanisa. Kabla ya korona ndiye aliyewatembeza wageni na kuwaeleza vitu hivi. Mapigo ya visu, makufuli matatu, matundu. Katika kanisa zima yeye ndiye anayejua kwa hakika tundu linaonyesha nini. Alijua mama ameona miguu na amesikia jina. Shahidi wa namna hiyo hauawi. Anatumiwa."

"Angejua pia kuwa ni uongo wa kugundulika."

"Kwa mtu anayepiga magoti. Wewe ulipiga magoti Jumanne? Mimi sikupiga."

Haddad alizipindua kurasa za daftari lake kwa haraka. Kinuthia alikuwa na kikosi kidogo cha kupuliza dawa ya kuua virusi kwenye maduka na shule zilizopata wagonjwa. Jirani wa kanisa aliulizwa Jumanne kama alimwona mtu yeyote. Akajibu hakumwona mtu, isipokuwa yule wa dawa. Hakuna polisi aliyeandika zaidi ya hapo. Mtu wa suti nyeupe, miwani na barakoa alikuwa anaingia kila jengo la Guildford mwezi ule, na watu walichofanya ni kumpisha.

"Mke wa Kinuthia yuko wapi?" Mbula aliuliza. "Ketsia."

"Kwenye maelezo yake Kinuthia amesema yuko Brisbane kwa dada yake. Wiki tatu sasa."

"Mpaka wa Queensland umefungwa tangu Julai. Amepita wapi?" Akamgeukia Bibiane, akahamia tena kwenye Kiswahili. "Mama, Ketsia yuko wapi?"

"Bwana yangu alisema nisiulize." Bibiane alipangusa macho. "Mwezi wa sita Ketsia alikuja kwa maombi, taya imefungwa na waya. Akasema ni mlango. Mlango gani unampiga mtu pande mbili? Kisha siku moja akapotea, na bwana yangu na Wilondja wakawa wananong'ona, wananong'ona. Mi nikafikiri ni mambo ya mbao."

Basi ndilo lilikuwa swali la muuaji: Ketsia yuko wapi. Mirindi alijua mtu aliyemchukua Ketsia, na alivunjwa vidole vinne kabla ya kulitaja jina lake. Lakini polisi walikuwa wamekipekua chumba cha Wilondja tangu Jumanne, chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja, na hapakuwa na mwanamke.

"Wilondja ana ndugu gani hapa?" Mbula alimuuliza Haddad.

Haddad alibadilika rangi juu ya ukingo wa barakoa zake.

"Ana mama," alisema. "Hapa hapa Sydney, Liverpool. Sajini, Kinuthia alinipigia nikiwa kwenye gari, kabla hatujaingia humu. Alisema kanisa lina chakula cha kumpelekea mama yake Wilondja, kwamba ni mzee, yuko peke yake, haruhusiwi hospitalini. Aliongea vizuri sana. Nikampa anwani."

"Saa ngapi?"

"Saa nne kasoro kumi."

Saa ya Mbula ilionyesha saa nne na robo.

*

Barabara zilikuwa tupu na Haddad hakuondoa mguu kwenye kanyagio. Kwenye redio walijibiwa kwamba gari la karibu liko kwenye kizuizi cha jeshi, litafika baada ya dakika nane. Mbula alipiga simu ya mama yake Wilondja mara nne. Iliita ikakatika, ikaita ikakatika.

Jengo lilikuwa la matofali mekundu, ghorofa tatu, nyuma ya reli. Gari jeupe la mizigo liliegeshwa mbele yake, milango ya nyuma ikiwa wazi. Mwanamume mmoja alikuwa ameegemea dirisha la chini akivuta sigara.

"Yule wa dawa ameshapanda," alisema bila kuulizwa. "Namba saba. Kuna mgonjwa?"

Harufu ya klorini ilianza kwenye ngazi. Mbula alipanda mbili mbili, bastola mkononi, Haddad akihema nyuma yake. Mlango wa namba saba ulikuwa umerudishwa tu. Kutoka ndani ulisikika mshindo wa chuma kwenye mbao, pumziko, kisha mshindo mwingine.

Alisukuma mlango.

Ukumbi ulikuwa mwembamba. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, damu ikimtoka mdomoni, na mikono yake miwili ilikuwa imekumbatia mguu wa mtu aliyevaa suti nyeupe. Mtu huyo alikuwa ameshika mtungi wa chuma wa kupulizia dawa kwa mikono miwili na alikuwa anaupiga kwenye mlango wa bafu. Ubao wa juu ulikuwa umeshapasuka. Kila alipopiga alishusha mguu wa pili juu ya mkono wa yule mama, akaukanyaga, na yule mama hakuachia.

"Polisi! Weka chini!"

Kinuthia aligeuka. Nyuma ya miwani ya plastiki macho yake yalikuwa matulivu. Hakuweka chini. Mkono wake ulibana kifyatulio cha bomba, na dawa ikampata Mbula usoni mwote.

Hakuona tena kitu. Macho yaliwaka kama yametiwa pilipili na chumvi, koo likafunga. Hakuweza kufyatua risasi: mbele yake kulikuwa na mama sakafuni na mtu nyuma ya mlango wa bafu, na hakujua nani yuko wapi. Alirudi nyuma, na mtungi ukamwangukia kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Alisikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu. Bastola ilianguka, ikagonga ukuta.

Haddad alimpita kwa bega. Kilo mia na zaidi zilimvaa Kinuthia, wote wawili wakagonga mlango wa bafu, kioo kikavunjika mahali fulani. Mbula alipiga magoti, akapapasa sakafu kwa mkono wa kushoto akitafuta bastola. Alishika damu, akashika kanga, akashika vidole vya yule mama, vilivyokuwa vimelegea na kuelekea pande mbalimbali.

Haddad alipiga ukelele. Kinuthia alikuwa amechomoa koleo mfukoni na kumpiga nalo sikioni, mara moja, mara mbili. Haddad aliteleza kwenye dawa.

Ndipo mlango wa bafu ulipofunguliwa kwa ndani.

Mbula alimwona Ketsia kama kivuli tu kupitia machozi, mwembamba, mikono ikiwa juu ya kichwa. Alikuwa ameinua mfuniko wa tangi la choo, ule wa kauri nzito. Aliushusha. Ulimpata Kinuthia kati ya shingo na bega, akaenda magotini. Akauinua tena, ukampata mdomoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya meno. Miwani ilitoka. Akauinua mara ya tatu.

"Ketsia!" Mbula aliita. "Inatosha! Amekwisha!"

Ketsia aliupiga mara ya tatu. Mfuniko ukavunjika vipande viwili juu ya taya la Kinuthia, na kimoja kikabaki mikononi mwake, chenye ncha. Alikiangalia. Mbula alitambaa mpaka akamfikia, akamshika kifundo cha mguu.

"Mimi ni Mbula. Ni polisi. Nakuomba, dada. Namtaka akiwa hai."

Ketsia alihema. Kipande kiliteleza kikaanguka. Haddad, damu ikimchuruzika shingoni, alimkalia Kinuthia mgongoni na kumfunga pingu juu ya glavu za mpira.

Kinuthia alitema kitu sakafuni. "Ni mke wangu," alisema, maneno yakitoka yamevunjika. "Nilikuja kumchukua mke wangu. Kosa langu liko wapi?"

"Mirindi naye alikuwa mke wako?" Mbula alimuuliza.

Mfukoni mwa suti ya Kinuthia Haddad alitoa mifuko mipya ya viatu, kamba ya plastiki, na kikaratasi chenye anwani ya nyumba ile.

*

Askari wa lile gari la kizuizini walikuwa wameshamteremsha Kinuthia, na wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa bado chini wakivaa mavazi yao ya kujikinga, kitu kilichochukua dakika nyingi siku zile. Mama Léonie, ndilo jina la mama yake Wilondja, hakutaka kuwangoja. Alimkalisha Mbula kwenye kiti cha jikoni, akamwinamisha kichwa kwenye beseni, na kwa mkono wake wa kushoto, uliobaki mzima, akawa anammwagia maji machoni kutoka kwenye jagi.

"Fumbua," alisema. "Fumbua, mwanangu. Usikaze."

Alikuwa na jino moja limetoka na alisema kwa kithembe. Alieleza huku anamwaga. Wilondja alimleta Ketsia kwake wiki tatu zilizopita, na Mirindi ndiye aliyepanga yote. Alimwambia amfiche, asimfungulie mtu. Leo mtu aligonga akasema ametumwa na wizara ya afya, jirani ana korona, lazima apulize. Ungemfungiaje mtu wa wizara?

Simu ya Mbula ilitetemeka mfukoni. Mkono wa kulia ulikuwa haufanyi kazi. Aliichomoa kwa wa kushoto, akabonyeza bila kuona, na sauti ikajaa jiko zima. Ilikuwa sauti ya daktari kutoka Westmead, kwa Kiingereza, ya kike, ya uchovu. Ilisema inasikitika. Ilisema uvimbe wa ubongo, ikasema moyo, ikasema saa nne na dakika thelathini na nane. Ilitaja jina la Wilondja na kulikosea.

Mbula alikata simu. Nyuma yake Ketsia, aliyekuwa ameelewa, aliketi sakafuni pale pale alipokuwa.

Maji yaliendelea kumwagika.

"Ni hospitali," Mama Léonie alisema. "Nimesikia jina. Wanasema nini juu ya mtoto wangu?"

Mbula aliinua kichwa. Aliushika mkono wenye jagi, akavua barakoa iliyolowa.

"Mama, Wilondja amefariki. Sasa hivi, dakika chache zilizopita. Hakuzinduka."

Mama Léonie alilitazama jagi. Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Aliyamimina yote kwenye beseni polepole, akaliweka jagi juu ya meza, akalisogeza mbali na ukingo.

"Nani alimpiga?"

"Wadogo wa Mirindi. Wote watatu."

"Hawa nimewapikia sombe mu nyumba hii. Kwa nini?"

"Waliambiwa ndiye aliyemuua kaka yao."

"Nani aliwaambia?"

"Bibiane."

Yule mama alifumba macho. Haddad alikuwa amesimama mlangoni, taulo la jikoni likiwa sikioni mwake, jekundu.

"Piga kituoni," Mbula alimwambia. "Wale ndugu watatu walishtakiwa kwa kujeruhi. Wabadilishie shtaka. Sasa ni mauaji."

"Na mjane?"

"Mjane atatoa maelezo mapya leo. Kwangu mwenyewe. Sitamtuma mtu."

Mama Léonie alikuwa amekwisha inuka. Alivuta kanga begani, akaanza kutafuta viatu kwa mguu, chini ya meza, mkono uliovunjika ukining'inia.

"Nipeleke kwa mtoto wangu."

"Mama, unahitaji daktari. Mkono wako..."

"Hapo hospitali hakuna daktari? Nipeleke."

Kuanzia Juni hospitali zote hazikuruhusu wageni. Watu walikuwa wanafia nyuma ya vioo, na jamaa zao wanaagana nao kwa simu iliyoshikwa na muuguzi. Haddad alilijua hilo, lakini akaenda kuwasha gari.

Walifika Westmead saa tano na nusu, king'ora kikilia njia nzima. Ketsia aliketi nyuma, amemkumbatia mama. Mlangoni kulikuwa na meza, chupa za dawa ya mikono, na mlinzi aliyevaa kinga ya uso. Aliwatazama: polisi mmoja mwenye macho mekundu na mkono uliofungwa kwa skafu, mwingine mwenye damu shingoni, na mwanamke mzee asiye na barakoa, ameshikwa bega na mwanamke mwembamba.

"Wageni hawaingii," alisema. "Samahani. Amri."

Mbula aliweka kitambulisho chake juu ya meza kwa mkono wa kushoto.

"Huyu si mgeni. Ghorofa ya tatu kuna mtu aliyeuawa, na sheria inataka mwili utambuliwe kabla mpasuaji hajaugusa. Huyu ndiye shahidi wangu wa kuutambua."

"Kuna fomu ya—"

"Andika."

Mlinzi alivuta karatasi. "Jina la shahidi?"

"Léonie."

"Uhusiano wake na marehemu?"

Mbula aligeuka kumuuliza, lakini Mama Léonie alikuwa amekwisha wapita wote wawili, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na lifti ilikuwa inafunguka.